Jeraha la mahabusu: ushahidi wa mwanzo usikae kituoni

Mtu akiingia selo akitembea na kutoka amebebwa, kituo kile kile hakifai kuchunguza kilichompata. Lakini Uganda hatuna chombo cha kiraia cha kuwachunguza polisi pekee, kama IPOA ya Kenya iliyoundwa kwa sheria ya 2011. PSU, kitengo cha nidhamu cha polisi wetu, hupokea malalamiko, ila nacho kiko chini ya Inspekta Jenerali. Kwa hiyo jambo la kupigania siku ya kwanza ni moja: ushahidi usipite mikononi mwa wanaolalamikiwa.

Anzeni na daktari. Ibara ya 23(5) ya Katiba inataka jamaa wajulishwe, na wakili na daktari wa mahabusu waruhusiwe kumwona. Ombeni kwa barua yenye saa, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikataa kugonga, andikeni papo hapo nani amekataa, saa ngapi, mbele ya nani.

Fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha ya mtu, hutolewa na polisi, na hapo ndipo wengi hukwama. Kituo kikisita kuitoa, nendeni kituo kingine, lakini matibabu yasiisubiri. Daktari hahitaji PF3 ili atibu wala ili aandike ripoti ya hospitali, na fomu inaweza kujazwa baadaye kutoka kwenye faili.

Ripoti inayosema tu “majeraha ya mwili” haimsaidii mtu mahakamani. Kila alama ipimwe kwa milimita, ichorwe kwenye mchoro wa mwili, ipigwe picha tatu: mwili mzima, sehemu husika, kisha karibu, rula ikiwa kando na kamera ikitazama ngozi moja kwa moja. Pigo la rungu mara nyingi huacha mistari miwili myekundu sambamba, katikati ngozi ikiwa na rangi yake. Hiyo ni alama inayoeleza umbo la kifaa, si ya mtu aliyeanguka chooni. Kwa aliyefungwa kandoya, yaani mikono kufungwa kwa nyuma juu ya viwiko, tazameni juu ya viwiko pande zote mbili, kisha mpimeni nguvu za mikono na hisia za vidole, kwa sababu mishipa ya fahamu huumia hata ngozi ikiwa nzima. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, inamtaka daktari aseme jeraha linawiana na maelezo kwa kiwango gani: haliwiani, linawiana, linawiana sana, ni la aina hiyo hasa, au haliwezi kuwa na chanzo kingine. Neno hilo moja hubeba kesi.

Muda nao unakula ushahidi. Aliyepigwa sana akikojoa mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, misuli imevunjika na figo ziko hatarini, kwa hiyo apelekwe hospitali saa ile ile. Kimeng’enya cha CK, kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia, hufika kilele kwenye damu kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hushuka. Damu iliyovilia ndani hujitokeza baada ya siku moja au mbili, hivyo apimwe tena.

Kituoni, ombeni namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo, na maandishi ya daftari la mahabusu: hali yake alipopokelewa, nani alimtoa selo, saa ngapi, alirudi lini. Safu ya “hali ya afya” ikisema mzima alipoingia, kituo ndicho chenye maswali ya kujibu.

Malalamiko yapelekeni Tume ya Haki za Binadamu, ambayo ina ofisi Gulu, Arua, Soroti, Mbarara na kwingine. Ibara ya 53 inaipa mamlaka ya mahakama: kuita mashahidi, kudai nyaraka, kuamuru fidia. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2012 inamwajibisha aliyetesa yeye mwenyewe, kifungo hadi miaka 15, na maisha mateso yakiwa ya kukithiri. “Afande aliniamuru” si utetezi.

Angalieni tarehe. Tume hupokea malalamiko ndani ya miaka 5, lakini kesi ya kawaida ya madai ya fidia dhidi ya serikali ina miaka 2 tu. Familia inayokaa kusubiri majibu ya PSU hadi mwaka wa pili ukapita hukuta mlango huo umefungwa, hata kama kovu bado liko wazi mkononi.