Chakula hai ni nini, na kwa nini ukizalishe mwenyewe

Watu wakisikia "chakula hai" wanadhani ni mambo ya wenye matangi ya vioo huko mbali, kumbe sisi Lamu tumezaliwa tukaikuta. Chungulia birika la choo kwenye nyumba ya mawe ya kizamani, mle kulikuwa kunafugwa visamaki, na si kwa urembo, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu, mpaka bakuli la kauri lilikuwa linatiwa kule chini ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Kile kiluwiluwi ndo chakula hai, yaani mdudu anayeliwa akiwa bado anacheza.

Sasa mtu ana gapi zake, vile visamaki vya tangini, sebuleni, zimezaa, na vile vitoto vinapenda sana kitu kinachosogea, basi anachukua kikopo anaenda kuchota majini popote. Nilifanya hivyo mimi. Baada ya siku chache vitoto vinapungua na mzoga sioni, nashuku paka wa watu, kumbe nimeingiza buu la kerengende, limetulia chini ya jani rangi ya tope, kitoto kikipita linafyatua taya na kukinyaka. Nililitoa likiwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba na shibe zake.

Na hilo unaliona. Usiloliona ni kwamba alichokula mdudu ndo anachokula mnyama wako. Mende wa jikoni huenda kapuliziwa dawa jana, maji ya mtaro yana sabuni na mafuta ya boti. Ukizalisha mwenyewe unajua umemlisha nini, hiyo ndo maana yote ya kujisumbua. Wanaofuga mjusi (na hapa Kenya huyo anataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, kwanza, usiseme hukuambiwa) huwapa nyenje wao mboga siku moja kabla, afu wanawapaka unga wa kalsiamu manake nyenje mwenyewe ana kidogo mno, na hawamwachii nyenje wengi usiku kucha, wakishikwa njaa wanamtafuna mjusi mwenyewe.

Ndoo ya viluwiluwi uani mimi siungi mkono. 2004 homa ya chikungunya ilipiga Lamu hii, watu wakawa hawawezi kunyanyuka kitandani kwa maumivu ya viungo, na mbu wake anazaliana kwenye maji ya kuweka majumbani. Kwa joto letu kiluwiluwi anaota mabawa kwa kama wiki moja tu, ukisahau kuchuja mara moja umefugia mtaa mzima.

Fuga artemia. Ni vijidudu vya maji ya chumvi, hata kule Gongoni upande wa Malindi kwenye mashamba ya chumvi wapo, mayai yake yanauzwa makavu kama vumbi la kahawa. Chupa ya plastiki ikate kitako uigeuze kichwa chini, tia maji ya bahari masafi, mayai nusu kijiko cha chai, pampu ya hewa ipulize mfululizo, kesho yake saa hizo hizo wameanguliwa. Zima pampu, ngoja dakika kumi, maganda yanaelea juu. Afu zima taa na umulike tochi ya simu kule chini, utawaona wanajikusanya kwenye mwanga kama moshi wa rangi ya chungwa, mimi bado huita watoto waje waone. Wavute kwa mpira mwembamba, chuja kwa kitambaa kizito, suuza na maji baridi (yasiyo na chumvi), maganda usiyatie kabisa kwani yanaweza kuviziba vitoto tumbo.

Vitoto wape siku hiyo hiyo, artemia wakiwa bado na kiini cha yai mwilini, kesho hawana kitu. Na wape kidogo, manake kwenye maji baridi wanakufa baada ya saa chache, waliobaki wachote kabla tangi halijaanza kunuka.