Ushari si kupigana: hili neno tunalitumia ovyo

Sisi wa idara ya Kiswahili hapa Mombasa, kila joto la siasa likipanda tunaulizwa neno lilelile, ushari, maana redio zinalitumia, wanasiasa wanarushiana, na sa hii limefika mahali mtu yeyote aliyeinua sauti anaitwa mshari hata kama anadai haki yake tu. Basi tulipange kidogo.

Limetoka kwenye shari, na shari tumeitoa kwa Kiarabu, kinyume chake kheri. Ndo maana mzee wa Mji wa Kale akikuombea dua atasema Mungu akupe kheri akuepushe na shari, na hapo hazungumzii ngumi, ni balaa lolote lile, ugonjwa, hasara, ajali. Maana ya ugomvi imo humohumo ndani, mtu akikwambia "usinitafutie shari" ushaelewa. Na wahenga waliona shari ina vipimo vyake, wakasema nusu shari kuliko shari kamili.

Sasa ushari wenyewe ni tabia. Ni ile hamu ya kutaka vita kabla hata sababu haijapatikana. Hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Nenda Kongowea asubuhi ukute tuktuk mbili zimekwaruzana, taa imepasuka. Dereva mmoja ashavua shati, saa kampa mwenzake amshikie, anapiga kelele "nishikeni jamani, nishikeni nisije nikaua mtu!" na hakuna hata mmoja aliyemgusa, wallahi. Yule wa pili kakaa zake ndani anamwambia "we taja bei ya taa tumalizane". Mshari ni huyo wa kwanza, na hajapiga mtu hata kofi moja. Na akimrukia mwenzake, mwenzake akamzaba mbili za kujikinga, huyo aliyezaba kapigana ndio, lakini mshari siye.

Kwa nchi ni hivyohivyo. Nchi inayorundika majeshi mpakani na kila siku waziri wake yuko kwenye runinga anasema tuko tayari, waje tu, hizo ni kauli za kishari, hata kama risasi haijalia. Iliyovamiwa ikajitetea usiipe jina hilo, mtangazaji anayeziita zote mbili washari anawadanganya wasikilizaji wake, yani anafuta tofauti ya aliyeanza na aliyeanziwa.

Lisichanganywe na majirani zake. Uchokozi ni kitendo, umemchokoza mtu, kwisha. Ubabe unataka nguvu nyuma yake, lakini mshari anaweza kuwa mwembamba akapeperushwa na upepo wa Likoni, mdomo ndo silaha. Uchochezi nao ni kuwasukuma wengine wakapigane we ukiwa nyumbani unakunywa kahawa, na huo una sheria: kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema uhuru wa kujieleza haufiki kwenye propaganda za vita, kuchochea ghasia wala matamshi ya chuki, na kwa matamshi ya chuki ya kikabila ile sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya 2008 inaweka faini mpaka shilingi milioni moja au kifungo mpaka miaka 3, au vyote viwili. Ushari kama tabia haushtakiwi, ukishaingia kwenye maikrofoni ukawa uchochezi ndo kesi.

Kisarufi hakuna kazi: mshari, washari, ushari hauna wingi. Kitenzi usilitungie, sema anataka shari, anatafuta shari, analeta shari.

Halafu kuna hii ya kwamba sisi Wamvita, yani watu wa Mombasa, ni washari kwa asili, eti hata Mvita, jina la zamani la mji, limetokana na vita. Wengine wanalirudisha kwa Shehe Mvita, anayesimuliwa kuwa mtawala wa kale wa mji, lakini hata tuseme ni vita, vita vya nani? Mreno aliuchoma mji huu 1505, akaanza kujenga Fort Jesus 1593, Waomani wakaizingira ngome 1696 mpaka 1698. Wote hao walikuja kwa jahazi na merikebu zao, sisi tulikuwa kwetu. Mji uliopigwa vita si mji mshari.

Ila vita vya Shela, kule kisiwani Lamu, hapana. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa ikiwa chini ya ukoo wa Mazrui ilishirikiana na kisiwa jirani cha Lamu, Pate, ikawafuata Walamu kwao, ikapigwa vibaya pale ufukweni, na Walamu wakamkimbilia Sayyid Said wa Omani awalinde. Ule ulikuwa ushari, na mie Mmvita nalisema bila kupepesa macho.