Mvule usiozaa si tasa, ni dume

Nimepigiwa simu tena, safari hii kutoka Kisauni. "Mwalimu, nina mvule uani tangu enzi za marehemu baba, haujatoa tunda hata siku moja. Fundi aniambia ushakuwa tasa, niukate kabla haujaoza." Huyu fundi sijui ni mmoja anayezunguka pwani nzima au wamo wengi, ila kila mvule usiozaa yeye huuona mbao tu.

Mvule, yaani Milicia excelsa, una miti dume na miti jike. Dume hutoa maua dume peke yake, na hautazaa hata ukiusubiri hadi wajukuu wazeeke. Kinachoniudhi ni kwamba watu hawa hawa mpapai dume wanaujua vizuri. Ukitoa maua yenye vikonyo virefu na papai zisionekane, hata mtoto atakwambia huo dume, na maneno yamekwisha. Mti ukiwa mrefu kuliko mnara wa msikiti, elimu yote hiyo hupotea.

Nakubali, maua yenyewe ni shida kuyaona. Mvule mkubwa hufika mita 50, na shina laweza kupanda mita 20 bila tawi. Vishada vya dume ni vyembamba, vyeupe, vya sentimita 15 hadi 20, vinaning'inia. Vya jike ni vifupi, vinene, vya kijani, na vina nywelenywele. Usitafute rangi wala harufu ya kuita nyuki: chavua hubebwa na upepo. Kwa hiyo ukikata dume lako "tasa", huenda umemnyima jirani mbegu za jike lake. Vitabu vikishasema "upepo" hufunga mlango hapo. Mimi siwezi kukuapia kwamba dume la Kisauni linatosha kwa jike lililosimama Nyali, kwenye maghorofa na upepo wa bahari unaogeuka na msimu. Msituni, kama Longo Magandi kule Shimba Hills, mivule iko pamoja na swali hilo halina uzito. Uani mwa mtu lina uzito sana.

Halafu kuna wauzaji wa miche wanaokuhakikishia kwamba wanakuuzia jike. Wamejuaje? Mche haujatoa ua. Wengine hudai kutambua jinsia kwa umbo la matawi ya mti mzima; nimewasikiliza kwa adabu, bado sijashawishika.

Wenye majike nao wana lao: "Unazaa, lakini matunda hayaivi." Yameiva, bibi. Tunda la mvule likiiva hubaki kijani. Ni vitunda vingi vilivyoshikamana, ukoo mmoja na mforosadi na mfenesi, ndiyo maana ukikwaruza gome utomvu mweupe hutoka. Popo walaji matunda wanalijua tunda hilo bila kungoja rangi, na wao ndio hupeleka mbegu mbali. Ukiwafukuza popo kwa makopo na mawe, usinipigie kuuliza kwa nini miche haioti.

Majani nitapita haraka. Ya mche yana meno pembeni na yanakwaruza, ya mti mzima ni laini na ukingo wake hauna meno. Hujauziwa mti mwingine. Vinundu kwenye machipukizi si kuvu, ni kidudu cha jenasi Phytolyma: kitoto chake huingia kwenye tishu changa, uvimbe hupasuka, ndipo kuvu huja na kichipukizi hufa. Ili kumpunguza kidudu huyo, wengi hushauri uchanganye mvule na miti mingine yenye kivuli. Husaidia kiasi, lakini mvule wenyewe ni mti wa kupenda mwanga, na ukizidisha kivuli unapata mche wenye afya usiokua.

Tena lipo lile "jiwe" linalokutwa ndani ya shina la mvule. Wapasuaji mbao wanalichukia kwa sababu huvunja meno ya msumeno, na kuna wanaoligeuza uganga. Ni kalsiamu kaboneti, chokaa tupu, aghalabu karibu na kidonda cha zamani. Mvule hubeba oksaleti ya kalsiamu, chumvi inayotengenezwa na mti wenyewe, kwa wingi, na bakteria huigeuza kaboneti, ndani ya mti na kwenye udongo chini yake. Watafiti wa Uswisi waliochunguza mivule ya Ivory Coast walikuta chokaa kwenye udongo ambao kwa asili ni wa tindikali. Chokaa hiyo hufungia kaboni ambayo mti uliivuta hewani, na sasa nasikia watu wa huku wakitaka kulipwa kwa kaboni hiyo. Polepole! Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, chokaa iko kila unapochimba. Utatenganishaje ya mti na ya mwamba?

Turudi kwa mvule wako. Ngoja upukutishe majani na machipukizi mapya yatoke, kisha fagia chini yake kila asubuhi. Vishada vyembamba vikianguka kwa wingi, ni dume. Ukiokota vinene vya kijani vyenye mbegu ndogo ndani, ni jike: ponda, osha nyama yote, anika kivulini, panda upesi. Usizifukie ndani, nyunyiza udongo kidogo tu juu, kwani zinataka mwanga. Na fundi akirudi, muulize anatoa bei gani kwa mbao.