Rio de Janeiro, 1904: mji ulioingia vitani na chanjo

Wakati wa UVIKO-19 wataalamu wa chanjo tuliulizwa sana: je, watu wa zamani nao walibishana hivi? Walibishana, na kuna waliokufa kwa ubishi huo. Novemba 1904 wakazi wa Rio de Janeiro, wakati huo mji mkuu wa Brazil, walipindua tramu, wakavunja taa za barabarani na kuziba mitaa, wakiipinga chanjo ya ndui, ule ugonjwa hatari wa malengelenge (smallpox).

Chanjo yenyewe haikuwa ngeni. Edward Jenner alikuwa ameijaribu Uingereza tangu 1796. Mkuu wa afya, Oswaldo Cruz, alisomea Paris katika Taasisi ya Pasteur, na kwa upande wa sayansi alikuwa sahihi. Lakini maofisa wake walikuwa wamekwisha kuzoeleka kwa kuingia majumbani kwa amri, wakiwinda mbu wa homa ya manjano. Hata panya walinunuliwa ili kupambana na tauni, na wajanja wakaanza kuwafuga wawauze! Wakati huohuo meya Pereira Passos alikuwa akibomoa nyumba za maskini katikati ya mji ili apitishe barabara pana. Mtu aliyebomolewa kwake jana, leo anagongewa mlango na ofisa mwenye kisu kidogo.

Naam, kisu. Siku hizo kuchanja kulikuwa kuchanja kweli, ngozi ikikwaruzwa, na ilibidi mkono uwe wazi. Wapinzani wakaeneza kwamba wake na mabinti wangevuliwa nguo mbele ya wanaume wasiowajua.

Sheria ya kulazimisha chanjo ilipita tarehe 31 Oktoba. Siku chache baadaye gazeti likafichua kanuni zake: bila cheti hupati shule, kazi, wala ndoa. Hapo mji ukalipuka. Wanasiasa waliotaka kumwangusha Rais Rodrigues Alves wakadandia ghasia, na wanafunzi wa chuo cha kijeshi wakaasi. Watu wapatao 30 walikufa, mamia wakasafirishwa kwa nguvu hadi Acre, kule Amazon. Tarehe 16 Novemba serikali ikasitisha ulazima huo.

Mwaka 1908 ndui ilirudi Rio ikaua zaidi ya watu 6,000. Safari hii watu walijipanga foleni wenyewe. Wengine husema walikuwa wameerevuka. Mimi naona hawakuwa wajinga hata 1904. Walichokikataa kwanza ni ule mkono uliowabomolea nyumba.

Si kila anayekwepa chanjo ana kinyongo na serikali, lakini. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, alikwepa kwa sababu aliona inauma. Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio, akawa anawasimulia wazazi waliositasita jinsi yeye mwenyewe alivyokimbia sindano. Alikuwa bado katika kazi hiyo alipofariki mwaka 2013.