Mjane Aliyeipaka Boston

Ninapofundisha tashtiti, yaani maandishi ya kukejeli, huanza na mama ambaye hakuwahi kuishi. Silence Dogood, mjane wa mchungaji wa kijijini, aliandika barua 14 katika gazeti la New-England Courant la Boston, mji wa koloni la Waingereza huko Amerika, kati ya Aprili na Oktoba 1722. Aliyeshika kalamu ni Benjamin Franklin, baadaye mmoja wa waasisi wa Marekani, wakati huo mwanagenzi wa miaka 16 katika kiwanda cha chapa cha kaka yake James. Alijua kaka hatachapa maneno ya dogo wake, basi akageuza mwandiko na kupenyeza karatasi chini ya mlango usiku.

Jina lenyewe kijembe. Mchungaji Cotton Mather, jogoo wa mimbari za Boston, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1710 kuhimiza watu watende mema, na kunyamaza hakukuwa tabia yake. Mjane akaitwa Kimya Tendamema!

Barua ya nne ndiyo hunirudisha kila mara. Mama anaota Hekalu la Elimu, yaani chuo cha Harvard. Mlangoni pana mabawabu wawili, Utajiri na Umaskini, na huyu wa pili hampitishi mtu asiyekubalika kwa mwenzake. Wanaohitimu, vichwa vitupu wengi wao, wanakimbilia Hekalu la Teolojia, ambako Fedha anawapungia mkono nyuma ya pazia. Watu hucheka hapo. Mimi husikia uchungu: baba yake Franklin, mtengeneza mishumaa mwenye watoto 17, alitaka huyu awe mchungaji, kisha akamtoa shule kwa sababu ya gharama. Bawabu Umaskini, kijana huyu alimjua kwa sura.

Ya saba ni upishi wa tungo za maombolezo: tafuta jirani aliyekufa, ikiwezekana kwa kuzama au kuganda kwa baridi, orodhesha sifa zake, zikipungua azima kwingine, kisha koleza kwa machozi.

Kwa nini mjane wa mchungaji? Kwa sababu hawezi kuambiwa analichukia kanisa. Ni mtu wa nyumbani. Na kinyago kilihitajika kweli: Juni mwaka huohuo James alitiwa jela kwa kudokeza kwamba serikali inajikokota kuwafuata maharamia.

Franklin alipofichua siri, wageni wa kiwandani, waliokuwa wakikisia wasomi wakubwa wa mji, walianza kumheshimu. Kaka hakupendezwa, aliona dogo ataota pembe.