Moyo Uliorudi Umbo Lake Bado Wahitaji Dawa

Tangu Ramadhani iishe, kliniki yetu ya moyo hapa Lamu imepokea wagonjwa kadhaa wa kushindwa kwa moyo waliorudi miguu imefura, hawawezi kulala bila mito mitatu, na ngazi za nyumba zao wenyewe zawakata pumzi. Walikuwa wakiendelea vizuri. Picha ya mwisho ya moyo ilitoka nzuri, wakaona wamepona, wakaacha dawa.

Kushindwa kwa moyo si kusimama kwa moyo. Moyo wapiga, ila hautoshelezi mwili, na umbo lake ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini, kwa mtu mwenye afya kinakaribia umbo la yai. Kikiumia, iwe kwa mshtuko wa moyo, virusi, pombe, au ule ugonjwa unaompata mama karibu na kujifungua, huweza kutanuka hadi kuviringana kama chungwa. Chumba kikiwa kipana na ukuta mwembamba, msuli hulemewa zaidi kwa kusukuma damu ileile, na kulemewa huko huutanua tena. Valvu, yaani mlango wa damu kati ya chumba hicho na cha juu yake, nayo huvuja ingawa yenyewe haikuumia. Tazama mlango wa Lamu wa mbao mbili: fremu ikipanuka, mbao hazikutani tena kwenye mfaa hata ukizisukuma vipi. Valvu hiyo ina vipande viwili vivyo hivyo, na pengo likibaki damu hurudi nyuma, mapafu yakajaa maji.

Presha isiyotibiwa mara nyingi huanza kwa njia nyingine: ukuta wanenepa, chumba hakipanuki, moyo washindwa kulegea ujae damu. Kwa hiyo anayeambiwa ana moyo mkubwa asichukulie kuwa ni sifa ya nguvu. Hili tumelisema mara nyingi mno. Na hakuna moyo unaotoa asilimia 100 ya damu iliyomo kwa pigo moja. Kuanzia 50 hivi ni kawaida, 40 kushuka chini ni udhaifu.

Miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Brazili, Randas Batista, alijaribu kukata kipande cha ukuta ili chumba kipungue. Upasuaji huo uliachwa, maana wagonjwa wengi moyo ulishindwa tena. Vidonge vimefanya zaidi. Enalaprili, kavediloli, spironolaktoni na dapagliflozini hupunguza mzigo na kutuliza homoni zinazousukuma moyo kutanuka. Kwa miezi kadhaa, kwa baadhi ya wagonjwa, chumba hurudi kuwa kidogo. Lakini msuli unabaki na udhaifu wake. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2018 ulichukua watu 51 ambao mioyo yao ilikuwa imetanuka kisha ikarudi sawa. Kati ya 25 walioachishwa dawa taratibu, 11 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi 6. Kati ya walioendelea kumeza, hakuna hata mmoja katika muda huo.

Sasa utaratibu, na tafadhali ufuatwe. Dozi hupandishwa kidogo kidogo, kwa kawaida kila wiki 2, na damu hupimwa figo na potasiamu wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza au kuongeza enalaprili au spironolaktoni. Asiyepimwa hatuwezi kumpandishia dozi. Si ukaidi wa wahudumu. Njoo na pakiti zote za dawa, pamoja na za dukani na za miti shamba. Anayetoka Faza au Kizingitini aje na picha ya zamani ya moyo, maana bila ya kulinganisha hatujui umbo limebadilika vipi. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu huzuia maji mwilini, msizinunue kiholela. Mwanamke anayetaka kushika mimba atuambie mapema, kwani enalaprili humdhuru mtoto tumboni.

Anayetaka kufunga aje kabla ya mwezi kuandama tumpangie dozi za futari na daku. Papa mkavu na ng'onda wana chumvi nyingi hata wakirowekwa.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo. Ukiongezeka kilo 2 kwa siku 3, njoo kliniki siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kadi. Ukikosa pumzi umekaa, au ukizimia, usije kliniki: nenda moja kwa moja chumba cha dharura, hata kama ni usiku na boti ni ya kukodi.