Picha imevutika? Usikimbilie kupiga Windows

Kwenye stationari za Mwanjelwa, Mbeya, monita ya mtumba ikifungwa na picha ikatoka imevutika, lawama zote huangukia draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kutoa picha. Mteja analipia Windows mpya, anarudi nyumbani na watu walewale wanene kwenye kioo.

Dhana: draiva hujiamulia ukubwa wa picha.

Ukweli: draiva huuliza kwanza. Ndani ya monita kuna chipu ya kumbukumbu yenye taarifa iitwayo EDID, na sehemu yake ya msingi ni baiti 128. Humo monita hutaja modi (ukubwa wa picha kwa pikseli) inayoipenda, na hiyo ndiyo draiva huifanya ya msingi. Baiti zote 128 zikijumlishwa, jumla lazima igawanyike kwa 256 bila baki. Ikibaki kitu, taarifa inahesabiwa mbovu. Ikikosekana kabisa, draiva hukisia. Linux kwa kawaida huangukia 1024 kwa 768, ndiyo maana monita pana huvuta picha.

Kwa hiyo chomoa kebo ya VGA uangalie kichwa chake. Pini ziko safu tatu, tano tano. Kwenye safu ya mwisho, ya 12 na ya 15 ndizo zinazobeba EDID. Zikipinda au zikikosekana, mchawi umempata. Pini ya 9 nayo haimo kwenye kebo nyingi. Kazi yake ni kupeleka volti 5 zinazoiamsha chipu hata monita ikiwa imezimwa. Kama haipo, umeme ukirudi washa monita kwanza, CPU baadaye.

Dhana: ukishapanga, monita itakumbuka.

Ukweli: anayekumbuka ni kompyuta. Windows huandika kwenye rejista, ghala lake la mipangilio, chini ya GraphicsDrivers\Configuration, kwa kila monita au mchanganyiko wa monita. GNOME, mazingira ya dawati la Linux, huandika kwenye faili la monitors.xml, ndani ya folda ya .config ya mtumiaji. Ndiyo maana laptopu iliyokaa sawa kwenye projekta ya ukumbi mmoja Iringa huanza upya kwenye projekta nyingine. Amri ya xrandr, ya kubadili modi kwenye Linux, haihifadhi chochote. Ukitoka na kuingia tena, imefutika. Iweke kwenye programu za kuanzia.

Dhana: namba kubwa ndiyo bora.

Ukweli: pikseli za LCD hazibadiliki idadi. Modi yoyote isiyolingana nazo hutia maandishi ukungu, iwe kubwa au ndogo.